Picha ya nyota iliyozungushiwa vyuma: imetoka wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, kidato cha tatu na cha nne. Kwenye kundi letu la WhatsApp inazunguka picha ya nyota ya rangi ya dhahabu iliyozungushiwa mabamba ya chuma, na chini yake imeandikwa kwamba NASA imegundua jengo la viumbe wa sayari nyingine. Wanafunzi wanataka tuichapishe tuibandike maabara. Je, picha hii imepigwa na darubini? Na kama imechorwa, mchoraji alijuaje achore vile?

JIBU: Mwalimu, hapana, haijapigwa na darubini yoyote. Ni kazi ya mchoraji, au siku hizi ya programu ya kompyuta iliyolishwa michoro ya wachoraji, na njiani kuna mtu ameyafuta maneno yanayotakiwa kukaa chini ya kazi kama hiyo: "mchoro wa msanii". Lakini usiwaambie vijana kuwa ni uzushi ukaishia hapo. Nyuma ya picha za aina hii ipo nyota ya kweli, vipo vipimo vya kweli, na ipo fizikia ambayo kidato cha nne wanaimudu. Kwa maoni yangu picha yenyewe ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika habari hii.

Nyota inayotajwa sana ni KIC 8462852. Wengi huiita nyota ya Tabby, kwa jina la mwanaastronomia wa Marekani, Tabetha Boyajian, aliyeongoza utafiti wake. Iko umbali wa miaka ya nuru 1,470 hivi, ni kubwa na moto kuliko Jua letu, na iligundulika kuwa na tabia za ajabu katika data za Kepler. Kepler ilikuwa darubini ya anga ya NASA, iliyorushwa Machi 2009 kwa kazi moja: kukodolea macho nyota zaidi ya 150,000 katika kipande kimoja cha anga na kupima mwanga wa kila moja takriban kila nusu saa. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga hupungua kidogo kisha hurudi. Basi. Kinachopatikana ni safu ya namba, ambazo ukizichora zinakuwa mstari ulionyooka wenye vibonde hapa na pale.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nikae kidogo. Kwa Kepler, nyota ilikuwa doa la pikseli chache tu, tena lililotiwa ukungu kwa makusudi ili mwanga usambae na upimike vizuri. Tuseme nyota ya Tabby kweli imezungukwa na kitu chenye upana sawa na mzingo wa Dunia, kilomita milioni 300 kutoka ukingo hadi ukingo. Kutoka huku kwetu, kitu hicho chote kingekuwa chembamba karibu mara 900 kuliko pikseli moja ya Kepler. Mabamba, mbavu, madirisha yanayong'aa, vyote hivyo vingemezwa ndani ya nukta moja. Hakuna aliyeviona wala aliyekuwa na njia ya kuviona.

Kilichoonekana ni vibonde vya mwanga, na vibonde vyenyewe vilikuwa vya kutisha. Tarehe 5 Machi 2011 mwanga wa nyota hiyo ulishuka kwa asilimia 15. Tarehe 28 Februari 2013 ulianza msururu wa vibonde ambao kimoja kilifika asilimia 22. Ili ujue ukubwa wa jambo hili, sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota hiyo ingepunguza mwanga wake chini ya nusu ya asilimia moja. Tena vibonde havikurudi kwa ratiba kama vya sayari, na umbo lake halikulingana pande mbili. Wa kwanza kuvigundua hawakuwa hata wataalamu wa kulipwa: ni watu wa kawaida waliojitolea kupitia mradi wa Planet Hunters, wakikagua grafu moja baada ya nyingine kwa macho, kwa sababu programu za kompyuta zilitafuta vibonde vinavyojirudia na hivi zilivipita.

Boyajian na wenzake walipotangaza matokeo mwaka 2015, maelezo waliyoyapendelea yalikuwa kundi la nyotamkia. Mwenzao Jason Wright wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State alikuwa akiandika kuhusu dalili ambazo jengo kubwa linaloizunguka nyota lingeacha kwenye grafu kama hizo, akasema nyota hii inafaa kusikilizwa kwa darubini za redio. Kusikilizwa, si zaidi. Oktoba mwaka huohuo vyombo vya habari vikalidaka, na hapo ndipo picha zilipoanza kazi yake. Habari inataka picha, na picha ya kweli ya habari hii ni mstari wenye kibonde. Nani atabonyeza hiyo? Wahariri wakachukua michoro ya vyuma na madude yanayong'aa. NASA yenyewe ilitoa mchoro mwezi uliofuata, na wanafunzi wako wautafute: unaonyesha vipande vya nyotamkia vikipita mbele ya nyota. Kwa hiyo hayo maneno "NASA imegundua" yaliyoandikwa chini ya picha yenu yamegeuza mambo kichwa chini miguu juu.

Je, ni kitu gani basi kilichopita? Njia waliyotumia kujibu unaweza kuifundisha kwa kipindi kimoja. Bamba la chuma likiziba nyota, linaziba rangi zote sawasawa. Vumbi laini, lenye chembe ndogo kuliko mikromita moja, linaziba bluu zaidi kuliko nyekundu. Mwaka 2016 watu walichanga zaidi ya dola 100,000 kwa njia ya mtandao ili kununua muda wa darubini za Las Cumbres, na kuanzia Mei 2017 nyota ikawalipa kwa vibonde vinne, ambavyo wachangiaji walivibatiza Elsie, Celeste, Skara Brae na Angkor. Vyote vilikuwa vidogo, asilimia moja hadi tatu hivi, lakini safari hii vilipimwa kwa rangi mbalimbali wakati vinatokea. Januari 2018 majibu yakatoka: bluu ilipungua zaidi. Ni vumbi. Limetoka wapi, bado wanabishana, ila bamba halifanyi hivyo.

Sasa swali lako la pili, ambalo mimi nalipenda zaidi: mchoraji alijuaje?

Hakujua. Alirithi. Juni 1960 Freeman Dyson, mwanafizikia mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa Princeton, Marekani, aliandika makala fupi sana katika jarida la Science. Hoja yake ni hii: Jua linatoa wati 3.8 × 10²⁶, na Dunia inadaka chini ya sehemu moja kati ya bilioni mbili za nguvu hizo. Nyingine zote zinapotelea angani. Jamii ya viumbe iliyoendelea maelfu ya miaka mbele yetu haitakubali hasara ya namna hiyo. Akapiga hesabu kwamba mada iliyomo ndani ya Mshtarii, ikitandazwa kuizunguka nyota kwa umbali mara mbili ya ule wa Dunia na Jua, ingetosha kufanya ganda lenye unene wa mita mbili hadi tatu. Wazo hilo hakulitoa hewani. Alikiri kwamba alilikuta kwenye riwaya ya mwaka 1937. Basi mzunguko ulianzia kwa msanii, ukapita kwa mwanafizikia, ukarudi kwa wasanii.

Wasomaji wa jarida walimwandikia kwamba ganda zima halitasimama. Dyson akajibu kwamba hakumaanisha ganda gumu, alimaanisha kundi la vitu vingi vilivyo mbalimbali, kila kimoja kwenye mzingo wake. Wachoraji jibu hilo hawakulisikia, au walilisikia wakalipuuza. Ganda linapendeza zaidi kwenye jalada la kitabu.

Waambie wanafunzi wachukue karatasi ya manila na bikari, wachore duara lenye kipenyo cha sentimita 30. Hilo ndilo ganda lenye ukubwa wa mzingo wa Dunia. Milimita moja ni kilomita milioni moja. Sasa wachore Jua katikati kwa vipimo hivyohivyo. Litakuwa na milimita 1.4, alama ya kalamu ya wino ukiikandamiza kidogo. Dunia ingekuwa na sehemu 13 za elfu moja ya milimita, yaani haichoreki. Kisha walinganishe na picha ya WhatsApp, ambamo nyota imejaa theluthi ya upana wa jengo zima. Kama nyota hiyo ni sawa na Jua, mabamba yale yako kilomita milioni mbili hivi kutoka katikati ya nyota. Bamba jeusi lililoielekea nyota kwa umbali huo lingechemka hadi zaidi ya nyuzi 2,500 za Selsiasi. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Mchoraji ametuchorea chuma kigumu, chenye riveti, mahali ambapo kingekuwa uji. Hesabu hii inahitaji sheria ya Stefan na Boltzmann tu, na wale wa kidato cha nne walio wepesi wataifurahia ukiwapa fomula.

Kuna jambo jingine ambalo picha hizi zote hulikosea, nalo ni gumu zaidi kwa msanii kwa sababu linamnyang'anya rangi. Funika koroboi kwa sufuria: mwanga umekwisha, lakini weka kiganja juu baada ya muda uone. Nguvu haipotei. Ganda linalodaka mwanga wote wa nyota lazima litoe nguvu zilezile upande wa nje kama joto, la sivyo litazidi kupata moto bila kikomo. Kwenye umbali wa Dunia, ganda kamili lingekaa kwenye nyuzi 120 hivi. Kwenye umbali aliouchagua Dyson, mara mbili ya huo, lingekuwa karibu nyuzi 5, ubaridi wa friji. Vitu vya joto hilo having'ai kwa macho yetu. Vinatoa mionzi ya infraredi, yenye urefu wa wimbi wa mikromita kumi hivi. Mchoro mkweli wa ganda la Dyson ni duara jeusi linaloziba nyota za nyuma yake. Hakuna atakayekuomba uubandike huo maabara, na ndiyo maana wachoraji huacha nyufa na matundu mwanga wa dhahabu upenye. Siwalaumu.

Dyson mwenyewe alijua hayo, na makala yake lengo lake halikuwa picha hata kidogo. Alikuwa akiwaambia wanaastronomia watafute joto. Wamelitafuta, kwa satelaiti ya IRAS iliyorushwa 1983 na baadaye WISE iliyorushwa 2009. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na watafiti wa Uppsala, Sweden, lilichuja nyota milioni tano likabaki na saba zenye joto la infraredi lisilo na maelezo ya haraka, zote nyota ndogo nyekundu. Haikuchukua muda wengine wakaonyesha kwamba angalau tatu kati yake zina chanzo cha redio kilicho karibu nazo sana angani, na hivyo joto lile huenda ni la galaksi zenye vumbi zilizoko mbali mno nyuma yake. Vumbi tena. Katika fani hii ukiweka dau kwa vumbi hupotezi mara nyingi.

Pete kubwa inayoizunguka nyota, ile wanayoichora ikiwa na bahari na mawingu upande wa ndani, naipita haraka. Ili watu wasimame juu yake kwa uzito wa duniani, kwa umbali wetu kutoka Jua, lazima izunguke kwa kilomita 1,200 kwa sekunde, mara 40 ya mwendo wa Dunia, na mkazo ndani yake ungezidi uwezo wa chuma mamilioni ya mara. Na ganda lisilozunguka ni baya zaidi: Newton alishaonyesha kwamba ndani ya ganda la duara mvutano wa ganda lenyewe ni sifuri. Mito na mabonde yaliyochorwa kwenye kuta zake za ndani yangemwagikia kwenye nyota.

Usidhani nawadharau wasanii. Kuna waliozitii namba na wakatoa kazi nzuri kuliko hizi za vyuma. Mfaransa Lucien Rudaux, aliyezaliwa 1874, alikuwa mchoraji na mwanaastronomia pia. Alitazama ukingo wa Mwezi kwa darubini, mahali milima inapoonekana kwa ubavu, akaona ni ya mviringo, si ya ncha kali. Akaichora hivyo. Mmarekani Chesley Bonestell, aliyesomea usanifu wa majengo na kufanya kazi Hollywood, akaja baadaye kuchora milima ya Mwezi iliyochongoka kama visu, na watu wakampenda yeye. Wanaanga wa Apollo walipofika kuanzia 1969 walikuta vilima vya Rudaux. Bonestell huyohuyo mwaka 1944 alichora Zohali ikionekana kutoka mwezi wake Titan, juu ya theluji, kwenye anga ya bluu iliyo safi. Ni moja ya picha za anga zilizopendwa kuliko zote. Januari 2005 chombo cha Huygens kilitua Titan kikakuta ukungu wa rangi ya chungwa kila upande. Kuna wahandisi walioingia kazi ya anga kwa sababu ya michoro ya Bonestell, lakini kama ushahidi wa Titan ilivyo, picha ile haina thamani.

Wanaonivutia zaidi ni Don Davis na Rick Guidice. Miaka ya 1970 kituo cha NASA cha Ames, California, kilikusanya wahandisi na wanasayansi kutafakari miji ya kuelea angani, kufuatia mawazo ya mwanafizikia Gerard O'Neill, na hao wawili wakapewa kazi ya kuichora. Mchoro mmoja ni wa mji wenye umbo la tairi, wa watu 10,000, wenye kipenyo cha kilomita 1.8 hivi, unaozunguka mara moja kwa dakika. Wape wanafunzi namba hizo mbili watafute mchapuko kwenye ukingo. Watapata mita 9.8 kwa sekunde mraba hivi, kwa sababu mji ulibuniwa upate uzito wa duniani, na mchoraji alichora alichopewa. Ukiangalia ndani, nyumba za mbele zimesimama wima kwako, za mbali zimeanza kupanda kufuata mkunjo wa sakafu, mpaka dari inazimeza. Mkunjo huo unalingana na kipenyo. Katika mchoro mwingine, wa mji wenye umbo la silinda, Davis ameweka daraja la kuning'inia juu ya maji, na mandhari inakupandia kushoto na kulia kama ukuta. Hakuna kitu kimoja humo kilichojengwa hadi leo, lakini kila mstari unaweza kuuliza "kwa nini uko hapo?" na ukajibiwa.

Sasa kuhusu ukuta wa maabara. Ibandikeni, mradi maneno ya uongo yakatwe na badala yake iandikwe kwa herufi zinazosomeka: mchoro wa msanii. Pembeni yake wekeni grafu ya mwanga ya nyota yenyewe, ile ya kibonde cha asilimia 22, kwa ukubwa uleule wa karatasi. Isiwe kidogo pembeni kama tanbihi. Upande wa tatu wekeni duara lenu la manila lenye nukta katikati. Michoro ya Davis na Guidice NASA inaitoa bure kwa ubora wa kuchapisha, kwa hiyo kama vijana wanataka kitu cha kupendeza macho wachague mmojawapo.

Nyota yenyewe haionekani kwa macho matupu, ila mahali ilipo panaonekana. Jioni za Septemba, saa tatu usiku, mkiangalia kaskazini mtaliona kundinyota la Dajaja, ambalo vitabu vingi huliita Cygnus. Kutoka Tanzania halipandi juu sana, kwa hiyo tafuteni uwanja usio na miti upande huo. Na data zote za Kepler ziko wazi, bila malipo, kwenye hazina ya MAST inayotunzwa Baltimore. Andikeni namba 8462852, pakueni jedwali, na mwanafunzi mmoja anayeijua Excel atawachorea grafu hiyo kabla kengele haijalia.